Giboshi za Upenuni

Aprili 11
Leo asubuhi theluji ya mwisho imeporomoka kutoka paani. Ukuta ulitikisika, mwanangu Nagisa akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Nilingoja atulie, nikambeba mgongoni, nikaenda upande wa kaskazini wa nyumba. Pale upenuni theluji hulala miezi mitano na jua halifiki, na hakuna mmea unaokubali kuishi hapo isipokuwa giboshi, mmea wa majani mapana unaopenda kivuli. Nilifukua kwa mikono. Ncha zimeshachomoza, nyeupe kama meno ya mtoto. Mashina yote kumi na moja yamevuka baridi.

Naandika kwenye kurasa za nyuma za daftari la kliniki la Nagisa. Mbele kuna kilo zake na chanjo zake. Huku nyuma ni kwangu.

Aprili 14
Mama mkwe amenikuta nimepiga magoti kwenye matope.

"Wenzio wanapanda figili," akasema. "Wewe unapanda kivuli."

Nimeipenda hiyo. Sikumwambia.

Aprili 20
Nimechonga vibao vipya, vya zamani vimeoza. Huku giboshi hainunuliwi. Unaomba mgawo. Masika mwenye shina analikata mzizi, unakwenda na kitu mkononi, unarudi na kipande chako ndani ya gazeti lililoloweshwa. Ukikipanda, unakisimikia kibao chenye jina la aliyekupa. Ndiyo heshima yake.

Nilipoolewa hapa kutoka pwani, miaka mitatu iliyopita, sikujua mtu. Kuomba mgawo ndiyo ilikuwa sababu yangu ya kubisha hodi. Basi nina Shige wa ukuta wa mawe, jani la buluu kubwa kama sinia. Nina Hekalu, kutoka kwa mke wa mtunza hekalu. Nina Mama yake Tokuzo, jani jembamba linalopindapinda. Bibi huyo alinipa miezi miwili kabla hajafariki. Lenye ukingo mweupe ni la mama yangu mzazi, limekuja nami kwenye treni. Na lile lenye moyo wa njano ndani ya jani halina jina. Nililiona mwenyewe mlimani, mwaka wa kwanza, kwenye bonde la juu. Mama mkwe alikuwa mbele yangu. Akasimama, akaliacha wazi, akajifanya anafunga kamba ya kiatu mpaka nilipoliona.

Wananiita mke wa Yasuhei. Wakisahau, mtu wa pwani. Jina langu Chizuru sijalisikia tangu nimpigie mama simu mwaka mpya.

Aprili 30
Nimekata machipukizi ya kwanza. Yakiwa bustanini ni giboshi, yakifika mezani ni urui. Mmea mmoja majina mawili, kama mwanamke kabla ya ndoa na baada. Nilichemsha kidogo, nikachanganya na miso, lile rojo la soya, na siki. Yanateleza mdomoni. Nagisa alikula akaonyesha bakuli tupu.

Mei 6
Mama mkwe amepanda mlimani peke yake, akarudi na kikapu kimejaa urui. Amechuma miaka arobaini, kila mtu anajua. Supu ya jioni aliitia chumvi mara mbili.

"Mama, imezidi."

"Ulimi wa mtu wa pwani unaogopa chumvi? Ajabu hiyo."

Nilikunywa.

Mei 13
Yasuhei amepiga simu kutoka kwenye handaki la barabara wanalochimba. Anakohoa. Hatakuja mpaka Agosti.

Mei 26
Kupandikiza mpunga. Mgongo.

Mei 27
Mgongo.

Juni 4
Lazima niandike leo hii.

Leo ilikuwa karamu ya kumaliza kupandikiza, pale ukumbini. Kila nyumba ilileta chake. Mimi nilileta beseni la urui za upenuni, za mchipuo wa pili. Mama mkwe alileta za bonde la juu, ambako theluji huchelewa kuyeyuka na urui bado changa. Wengine wawili walileta pia. Shige, mwenyekiti wa umoja wa wanawake, akazichanganya zote kwenye sufuria moja kubwa, akatia miso.

Wakazawana hula mwisho. Nilikuwa napeleka chai. Nagisa nilikuwa nimeshamwekea vipande viwili kwenye kibakuli chake, lakini akasinzia mgongoni kabla sijamlisha.

Tokuzo, fundi seremala, alisimama kuimba kama kawaida yake. Akaimba nusu ya wimbo, akakaa. Akasema, "Nani anasogeza sakafu?" Watu wakacheka. Halafu akatapika. Halafu mwingine. Walikuwa watano, na mmoja wao ni mama mkwe. Midomo ilikuwa inawafa ganzi, wanasema vidole havipo. Gari la wagonjwa lilikuja kutoka mjini likajaa, likarudi tena.

Kibakuli cha Nagisa nilikimwaga. Nilikiosha mara nne. Kisha nikakivunja.

Juni 6
Wote wako hai. Mama mkwe amerudi, rangi yake kama karatasi. Tokuzo amebakizwa siku mbili, moyo wake ulikuwa unapiga polepole mno.

Daktari amesema ni baikeiso. Ni jani la sumu, likiwa changa linafanana na urui, na linaota palepale penye majimaji. Watoto wa hapa hufundishwa kabla ya kusoma: urui ina kikonyo kirefu na mshipa mmoja katikati. Baikeiso haina kikonyo, na jani lake limekunjwa mikunjo kama feni ya karatasi. Mimi nilifundishwa na mama mkwe mwaka wa kwanza. Alinipiga kofi mkononi nilipokosea, na sijakosea tena.

Mchana Shige alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua mabuti.

"Hakuna mtu wa kijiji hiki anayeweza kuchuma baikeiso," akasema. "Hakuna. Hata mlevi."

"Najua, dada Shige."

"Basi hesabu mwenyewe nani kabaki."

"Mimi sikuchuma mlimani. Nilikata hapo nje."

"Hapo nje kuna majani yenye madoa, yenye michirizi, sijui ya wapi na wapi. Wewe unajua umepanda nini?"

"Najua kila shina. Yameandikwa."

"Mama mkwe wako mwenyewe umemlaza kitandani, na bado unajibu."

Ndiyo, nilijibu. Mama mkwe alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wa karatasi, anasikia kila neno. 

Juni 9
Ubao haukufika. Ubao wa matangazo hapa huzunguka nyumba kwa nyumba: unasoma, unapiga muhuri, unampelekea jirani. Nimeuona ukipita kwapani mwa jirani wa chini, akivuka lango letu kwenda kwa jirani wa juu.

Juni 12
Ubao haukufika.

Juni 14
Mvua za msimu zimeanza. Konokono wasio na gamba wamevamia jani la Hekalu. Nimewaokota kwa vijiti vya kulia, sitini na kitu. Ubao haukufika.

Juni 16
Leo nimefungua pipa la chumvi la mama mkwe lililoko ghalani. Kila mwaka anahifadhi kwa chumvi urui za akiba ya baridi, na zile alizochuma asubuhi ya karamu, zilizozidi, alizitia humo. Nilitaka kuongeza jiwe juu tu, maji ya chumvi yalikuwa hayajapanda.

Jani la tatu kutoka juu halikuwa na kikonyo.

Nililifungua kidogo kidogo. Limekunjwa mikunjo kama feni. Chini yake lingine. Nilipata saba katikati ya urui nzuri kabisa.

Nilikaa kwenye sakafu ya ghala. Kwanza niliona furaha, sitadanganya. Nikajiona nikilibeba pipa hilo mpaka ukumbini, nikimwagia Shige miguuni. Miaka mitatu mama mkwe ananisahihisha hata ninavyokunja taulo. Nilikuwa nimeshainama kulinyanyua.

Ndipo mengine yakaanza kujipanga. Chumvi mara mbili. Chai anayomimina nje ya kikombe. Sindano ambazo humpa Nagisa "amtungie uzi kwa mchezo", mtoto wa miaka miwili, kisha anazileta kwangu. Alinipiga kofi mkononi kwa jani moja mwaka wa kwanza. Mwaka huu haoni hata mikunjo.

Akijulikana, hatapanda mlima tena. Huyu mwanamke ana nini kingine? Figili?

Nilichimba shimo nyuma ya ghala, nikamwaga pipa zima, kwa sababu sumu imeshaingia kwenye maji. Nilipogeuka alikuwa amesimama na mwavuli.

"Umemwaga pipa langu."

"Lilikuwa limechacha, Mama."

Mvua ilinyesha. Alinitazama, au alitazama mahali sauti yangu ilipotoka.

"Chumvi haichachi," akasema.

"Hili lilichacha."

Akaingia ndani. Jioni hakula.

Juni 19
Ubao haukufika.

Juni 22
Yasuhei kwenye simu. Habari zimemfikia huko handakini, pamoja na kwamba kijiji kinataka giboshi zangu ziondoke.

"Ng'oa tu, mke wangu. Yataota mengine."

"Yataota wapi?"

"Popote. Unagombana na kijiji kizima kwa ajili ya majani?"

"Ndiyo."

 Sarafu zake zikaendelea kudondoka kwenye simu ya kulipia.

"Nikiyang'oa," nikamwambia, "nimekiri. Nagisa ataanza shule hapa. Ataitwa mtoto wa yule wa sumu. Unataka hivyo?"

"Sitaki."

"Basi usiniambie ning'oe."

Amesema nijifunike vizuri, mvua ni baridi. Ndiye aliyekuwa anakohoa. Nimekasirika naye nusu siku tu.

Juni 25
Shige amekuja na uamuzi wa mkutano. Julai tarehe tano, baada ya kifungua kinywa, watakuja na majembe kung'oa kila kitu upenuni, na watachoma. Akaongeza kwamba ningeng'oa mwenyewe ningewapunguzia kazi.

"Sitawapunguzia," nikasema.

"Una kichwa kigumu kama jiwe la kukandamizia achari."

"Jiwe la achari lina kazi yake, dada Shige."

Alipoondoka, niliona mikono yake ilivyopasuka kwa baridi ya maji ya mashamba, nyufa nyekundu. Mumewe alikuwa mmoja wa wale watano. Alikaa naye hospitali usiku kucha bila kujua kama ataamka. Zamani ningesema ni mbaya tu. Sasa nadhani ameogopa, na mwoga hutafuta wa kumshika. Lakini mimi hatanishika.

Juni 28
Mvua. Konokono. Ubao haukufika. Mama mkwe ananitazama wakati mimi simtazami, nami namtazama wakati yeye hanioni. Tunaishi hivyo.

Julai 1
Nagisa amejifunza neno jipya: hapana. Anasema kwa uji, kwa soksi, kwa kila kitu. Nimeliandika mbele, kwenye ukurasa wa maendeleo ya mtoto, kwa wino.

Julai 4
Nimeosha vibao vyote. Nimepitisha wino upya majina yasomeke hata kwa mbali.

Julai 5
Walikuja sita, na makoti ya mvua. Shige mbele. Tokuzo nyuma na fimbo, amekonda, lakini jembe amebeba begani, kwa ukaidi. Mimi nilikuwa nimesimama upenuni tangu alfajiri, Nagisa mgongoni. Giboshi ndiyo kwanza zimenyanyua mabua ya maua. Mvua ilikuwa inagonga mashina yote kumi na moja, kila moja na sauti yake.

"Karibuni," nikasema. "Sina kipingamizi. Ila kila mmoja ang'oe lake."

Shige akauliza lake lipi.

"Soma."

Hawakuwa wamewahi kuja upande huu wa nyumba. Wakatembea wameinama, wakisoma vibao. Mke wa mtunza hekalu akasimama mbele ya Hekalu, akajikuna shingo. Mwingine akasema, "Hili ni la kwetu kweli, nilimpa mwaka ule wa mafuriko." Mwingine akasema lake limenenepa kuliko lililobaki kwake nyumbani.

Tokuzo hakusogea.

"La mama lipi?"

Nikamwonyesha. Nyumba ya mama yake iliangushwa na theluji majira ya baridi yaliyofuata kifo chake, na tingatinga likasawazisha kila kitu mpaka mtoni. Sikuwahi kufikiri. Kumbe hakuna pengine lilipobaki.

Alilitazama jani lile jembamba linavyojipinda. Kisha akalaza jembe chini, akakaa kwenye jiwe la kuvulia viatu, akawasha sigara, ikazimwa na mvua.

"Mimi nimechoka," akasema. "Endeleeni."

Hakuna aliyeendelea. Shige akageuka huku na huku. Lake, lile la buluu, liko katikati, kubwa kuliko yote. Hakuligusa. Akaenda mpaka mwisho, kwenye lenye ukingo mweupe, la mama yangu.

"Hili si la mtu wa hapa," akasema. "Hili la pwani. Hili ndilo. Sumu ni sumu, maneno mengi ya nini?"

Akainua jembe.

Nilipita mbele yake. Nilichuma jani dogo la katikati la lile shina, nikalitafuna. Mbichi, na siku zake za kuliwa zimepita, lina nyuzi kama kamba. Nililimeza. Nikaenda kwenye la Shige, nikachuma, nikala. La Hekalu. La mama yake Tokuzo. Mate yalikuwa yameniisha lakini sikuacha. Nilikwenda mpaka la kumi na moja, ikisikika mvua tu na meno yangu.

Nagisa akanyoosha mkono juu ya bega langu. "Na mimi."

Nilimkatia kipande. Najua nilichopanda. Nilimtia mdomoni huku namtazama Shige usoni.

Mtoto akatafuna. Akakitema.

"Hapana," akasema.

Tokuzo ndiye aliyecheka kwanza, kupitia puani. Shige hakucheka, lakini jembe lilikuwa limeshuka mpaka kwenye goti lake. Bado hakuliachia.

"Umetuonyesha leo," akasema. "Ya siku ile hatukuyaona. Mtu alichuma. Nani?"

 Nilikuwa nimeamua kwamba nitakaa na swali hilo mpaka nizeeke nalo.

"Nilichuma mimi."

Mama mkwe alikuwa ametoka kwa mlango wa jikoni, bila viatu, ameshika ukuta kwa mkono mmoja.

"Kinue, wewe ulikuwa mgonjwa," Shige akasema. "Rudi ndani."

"Niliugua kwa mkono wangu mwenyewe. Bonde la juu. Macho yameniacha tangu mwaka juzi, Shige. Nachuma kwa mazoea. Huyu alikuta mengine kwenye pipa langu, akayafukia, akaniambia limechacha." Akapapasa hewani mpaka akanipata mkono wa koti. "Mwezi mzima mnamtukana mlangoni kwangu na mimi nimelala nasikiliza. Kama kuna cha kung'oa hapa, ning'oeni mimi."

Maji yalikuwa yanatiririka kwenye nywele zake. Sikuwahi kumwona bila kitambaa kichwani.

Tokuzo akanyanyuka taratibu kwa fimbo.

"Yaani Kinue, ni wewe umenitapisha mbele ya watu katikati ya wimbo."

"Ni mimi. Nisamehe."

"Na mimi nimemnunia mtoto wa watu mwezi mzima bure."

"Bure."

"Basi mwakani utanipikia urui."

"Utakula kweli?"

"Nitakula," akasema. "Achume mkazamwana wako."

Walicheka, kicheko cha watu waliolowa. Mke wa mtunza hekalu alilia kidogo. Shige aliondoka wa kwanza, hakuaga, jembe limegeuzwa juu chini kama mwavuli uliovunjika.

Nilimwingiza mama mkwe ndani, nikamfuta miguu. Alisema maji ya beseni ni ya moto mno. Nikaongeza baridi. Akasema sasa ni baridi mno. Basi nikajua atapona.

Julai 6
Tumbo linauma. Majani kumi na moja mabichi si mchezo.

Julai 8
Ubao umefika. Jirani wa chini aliuweka kwenye ngazi akakimbia. Ni tangazo la kufyeka nyasi za barabarani. Nilimsomea mama mkwe mara mbili kwa sauti, nikapiga muhuri wa nyumba, nikalowesha wino zaidi ya unavyotakiwa.

Julai 13
Daktari wa macho mjini. Amesema jicho moja linaweza kupasuliwa vuli, lingine tusubiri. Kwenye treni mama mkwe aliniuliza bahari ya kwetu ina rangi gani. Hakuwahi kuniuliza kitu cha kwetu.

Julai 20
Mvua zimekatika. Maua yamefunguka kwa mpigo, zambarau hafifu, yanatazama chini. Mama mkwe amekaa kwenye jiwe la kuvulia viatu, amefumba macho, mimi nampa majani moja moja. Anateremsha kidole mpaka kwenye kikonyo, kisha anapitisha kucha kwenye mshipa wa katikati.

"La Shige," anasema. "La hekaluni. La mama yako."

Hakukosea hata moja. Nilimpa lenye moyo wa njano. Akalishika muda mrefu.

"Hili nililiona kabla yako," akasema.

"Najua, Mama. Ulifunga kamba ya kiatu."

"Nilikuwa nafunga kamba ya kiatu."

"Ulikuwa umevaa mabuti."

Kibao chake nimekichonga leo. Kinasema Kinue.

Julai 23
Shige amekuja. Safari hii alivua mabuti. Aliweka tikiti maji sakafuni, akatazama ukuta, akazungumzia joto. Nilimwacha azungumzie joto. Mwishowe akasema lile la ukingo mweupe lingependeza pembeni ya ukuta wake wa mawe, kama kuna mgawo.

"Giboshi haigawiwi ikiwa na maua, dada Shige. Unalijua hilo."

"Najua."

"Usubiri masika, theluji iporomoke kutoka paani. Mimi nilisubiri ubao mwezi mzima, na haikuniua."

 "Nitasubiri," akasema.

Nilimkatia tikiti lake mwenyewe tukala, mbegu tukampa Nagisa achezee. Alipokuwa anavaa mabuti nilimkumbusha, kwa adabu, kuhusu kibao. Jina la mama yangu halijui mtu hapa, na atakayempa Shige ni mimi. Kwa hiyo ukutani kwake, mbele ya wapita njia wote, ataandika jina langu.

"Nitaandika mke wa Yasuhei," akasema.

"Hapana," nikasema, na Nagisa akalirudia nyuma yangu.

Shige alisimama na buti moja mguuni. "Haya. Linaandikwaje?"

Nilichukua kalamu nikamwandikia kwenye kiganja, juu ya zile nyufa, herufi kubwa: Chizuru.